Chupa Mbili za Anthime

Watu wa kijiji chetu wakimtaja Clotilde Vautier husema, "Aa, yule mama wa makaburi." Mimi inaniudhi. Clotilde alikuwa mkamua ng'ombe hodari kuliko mwanamume yeyote wa hapa, na mdomo wake ulimchekesha hata padri katikati ya mahubiri. Wali wake wa maziwa na mdalasini, aliokuwa akiuoka asubuhi nzima katika tanuri la duka langu la mikate, sijaula mwingine kama ule tangu afe. Lakini ndiyo hivyo, mtu anaishi miaka sabini, anakumbukwa kwa jambo moja. Na jambo lenyewe mimi Honorine ndiye niliyelisukuma. Afadhali niliseme mwenyewe.

Juni ya mwaka arobaini na nne, vitani, mabomu ya ndege yalimuua mama yake Clotilde. Si ndege za Wajerumani, la, ni za marafiki waliokuja kutuokoa. Siku tatu baadaye Wakanada wawili wakauawa kwenye shamba lake la matofaa, nyuma ya zizi. Sajini wao akawavua vibati vya utambulisho vya shingoni, akaandika majina yao kwa penseli kwenye vikaratasi viwili, akampa Clotilde, akakimbia kuwafuata wenzake. Basi. Mwanamke hajamaliza matanga ya mama yake, mumewe yuko kifungoni Ujerumani mwaka wa tano, anaachiwa maiti mbili za watu waliotoka upande ule ule yalikotoka mabomu.

Nikamwambia, "Waache, shoga. Wenyewe watarudi kuwachukua."

"Hawa nao wana mama zao," akasema. "Shika sepetu."

Tukachimba huku mizinga inalia. Kila mmoja tukamtilia karatasi yake ndani ya chupa, tukakaza kizibo, tukaisimamisha upande wa kichwa, shingo ya chupa ikichungulia juu ya udongo. Ndivyo walivyofanya wengi mwaka ule, maana kwa mvua ya Normandi karatasi iliyofungwa msalabani isingemaliza wiki.

Mmoja aliitwa Adélard Brochu, wa Kwebeki, mwenye kusema Kifaransa kama sisi. Wa pili alikuwa Wendell Moffat, wa Ontario, wa Kiingereza. Vita vilipokwisha jeshi likaja na majembe na orodha, likasoma karatasi za chupa, likawahamishia kwenye makaburi makubwa kule mlimani, wakalala jirani, jiwe kwa jiwe. Kila nyumba ya kijiji ikachukua kaburi la kutunza. Clotilde akamchukua Adélard. Moffat alilelewa kwenye nyumba ya mayatima, hakuna aliyeandika kumuulizia, nikamchukua mimi. Nisiseme uongo, nilimpalilia nilipokumbuka tu.

Mama yake Adélard, Exilda, alikuwa akiandika kila mwezi. Barua zake alikuwa akinisomea Clotilde dukani, nami nikikipenda kile Kifaransa chake cha zamani, maneno aliyokuwa akisema bibi yangu. Na alikuwa na maneno huyo mama! Aliwahi kuandika: "Nyie Wafaransa mlituacha kwenye theluji, mikononi mwa Waingereza, miaka mia mbili bila hata salamu. Mlipochapwa ndipo mkakumbuka kuwa mna ndugu." Clotilde alicheka mpaka akakaa chini. Naye akamjibu: "Dada, tulidhani mmeganda." Lakini barua nyingine zilikuwa za kuliza. Katika moja aliandika kwamba kila Jumapili baada ya misa huweka mezani picha ya kaburi aliyotumiwa na Clotilde, akazungumza na mwanawe, na kwamba bila picha ile angekwisha kuwa mwendawazimu.

Mwaka hamsini na tatu akaandika kwamba anakuja. Kijiji kizima kikapaka chokaa.

Alikuwa afike Jumamosi. Alhamisi, saa ya chakula cha mchana, Clotilde akaingia dukani kwangu na aproni yake, mikono ina unga, uso hauna damu. Nyuma yake akaja mumewe, Anthime, kofia mkononi.

"Mwambie," Clotilde akasema. "Mwambie na huyu ulichoniambia mimi."

Anthime akasema akitazama sakafu. Mwaka arobaini, kabla ya kuchukuliwa mateka, alikuwa amezika chupa za pombe yake kali ya matofaa chini ya miti, shingo juu, ili Wajerumani wasiinywe. Nani hakuzika? Hata padri alizika. Miaka mitano kambini mtu yule alikuwa akiota chupa zile. Aliporudi, Mei ya arobaini na tano, mkewe alikuwa malishoni. Nyasi zilikuwa zimepanda, misalaba ya fito tuliyosimika ng'ombe walishaiangusha. Akaona shingo mbili za chupa zinachungulia chini ya mtofaa. Hata mzigo hakuutua vizuri, akachomoa moja, akachomoa ya pili, akaziweka kwenye nyasi, akafungua.

"Nikakuta karatasi," akasema. "Nikasoma majina. Nikaelewa nimesimama juu ya nini. Nikafunga nikazirudisha. Lakini ipi ilitoka wapi... zilikuwa chupa za namna moja. Sikujua. Mpaka leo sijui."

"Na miaka minane ulinyamaza, we mlevi?" nikamfokea.

"Ningesema nini? Jeshi lilikuja wiki iliyofuata. Nikajiambia, labda nilipatia."

Labda alipatia, labda hakupatia; sisi wenyewe, tuliochimba chini ya mizinga, hatukukumbuka nani tulimlaza wapi. Na keshokutwa mama wa watu anashuka kwenye basi.

Clotilde akakaa juu ya gunia la unga. "Nifanyeje?"

"Unyamaze," Anthime akasema. "Mama ametoka ng'ambo ya bahari kuja kulia. Mwache alie, arudi kwake."

Mimi nikaruka. Ndivyo nilivyo, kila mtu anajua, sina breki. Nikasema kaburi si mchezo wa kubahatisha. Nikasema mficha maradhi kifo humuumbua. Nikasema, "Ungekuwa wewe, Clotilde, usingetaka kujua unampigia magoti mtoto wa nani? Mwambie. Usipomwambia wewe nitamwambia mimi." Ndiyo, nilisema hivyo. Nilijiona mtu wa haki kweli kweli.

Exilda alikuwa mwanamke mfupi, mnene, kofia nyeusi, mikono ya kukamua kama ya Clotilde. Walipokumbatiana pale kituoni hawakuachiana. Akatuletea sukari ya utomvu wa miti yao, akamtania Anthime kwa masharubu yake, akala wali wa maziwa sahani mbili akisema mama yake alikuwa akipika hivyo hivyo. Jioni ile nilifikiri: hawa ni ndugu, hakuna kitakachowatenganisha.

Jumapili baada ya misa tukapanda naye mlimani, Clotilde na mimi. Akapiga magoti mbele ya jiwe la Adélard. Hakulia. Akaanza kumpa habari. Dada yako Rose-Aimée ameolewa na yule mwenye kinu. Baba yako goti linamsumbua. Yule farasi wako tulimzika wenyewe, hatukumuuza. Aliongea kama anaongea na mtu aliye kitandani, mkono wake ukilipapasa lile jiwe.

Clotilde akanigeukia. Macho yake yalikuwa yananiomba. Sasa hivi nasema yalikuwa yananiomba nimzuie. Siku ile nilidhani anaomba nguvu. Nikamwinulia kidevu: haya, sema.

Akapiga magoti kando yake, akamweleza yote, chupa, pombe, Anthime. "Huenda ni huyu," akasema. "Huenda ni yule wa jirani. Nisamehe, Mama Adélard. Sikutaka uondoke na uongo."

Exilda akauondoa mkono kwenye jiwe. Taratibu, kama amegusa chuma cha moto na bado hajaamini. Akatazama jiwe lile, akatazama la Moffat ambalo mimi sikuwa nimelipalilia, magugu yamefika kwenye jina. Nilitamani ardhi inimeze.

"Nani amekuomba?" akasema.

"Mama..."

"Nakuuliza, nani amekuomba uniambie? Jana nilikuwa na mwanangu. Nimevuka bahari siku nane, ninaye. Wewe ulikuwa na mwiba wako, ukaona uuchomoe, ukauchome kwangu." Akainuka kwa shida, Clotilde akanyoosha mkono kumsaidia, hakuushika. "Sasa niambie nipige magoti wapi. Niambie, wewe mkweli."

Akatupa kisogo, akashuka mlima peke yake.

Alikuwa akae siku kumi. Jumatatu akapanda basi. Barua zikakoma. Clotilde aliandika kila mwaka mpya, akatuma na picha, sasa za makaburi yote mawili, maana aliniondolea lile la Moffat siku ile ile, bila kunilaumu. Laiti angenilaumu. Kila Jumapili, mvua, baridi, alipanda mlimani na ndoo na brashi, akaosha mawe mawili, akagawa maua sawasawa. Anthime alikufa mwaka sitini bila kuonja tena tone la pombe. Jibu halikuja.

Lilikuja mwaka sabini na moja. Clotilde macho yalikuwa yamepata mtoto wa jicho, hasomi tena, akaniletea bahasha dukani. "Kanada hiyo? Nisomee."

Ilikuwa ya Rose-Aimée, binti. Mama amefariki mwezi wa pili. Mpaka siku ya mwisho alikuwa akimwombea Adélard, na baada yake yule Moffat, kwa jina. Nikamsomea hayo. Clotilde akafunga macho.

Halafu kulikuwa na mistari mingine. Naikumbuka yote. Binti aliandika kwamba kila ikifika barua ya Clotilde mama yake aliitia motoni bila kuifungua, na akifikia kumtaja alikuwa akisema: "Wajerumani waliniulia mwanangu mara moja, yule mwanamke akaniulia mara ya pili." Aliandika kwamba anaona ni haki tujue.

Haki! Nilimwelewa yule binti vizuri sana. Alikuwa mimi mtupu.

"Mbona umenyamaza?" Clotilde akauliza. "Mimi hakunitaja?"

"Alikutaja."

"Alisemaje?"

Karatasi ilikuwa mkononi mwangu na maneno yamo.

"Alisema picha zako zote zilifika," nikamwambia. "Alizipanga mezani kila Jumapili."

Clotilde akalia, akacheka huku analia, akanishika mikono yote miwili. Alipoondoka nikafungua mlango wa tanuri, nikaitia barua ndani.