Pedali ya Geresha

Mkaguzi aliizunguka pikipiki yangu ya magurudumu matatu, akainama, akachungulia chini ya kiti, kisha akaniuliza swali ambalo mpaka leo nikilikumbuka natamani nirudi nimjibu upya.

"Madam, breki ya mguu iko wapi?"

"Boss, si uanze kwa kuniuliza mguu uko wapi?"

Watu waliokuwa wakingoja zamu waliangua kicheko. Yeye hakucheka. Mguu wangu wa kulia ulikatwa juu ya goti nikiwa darasa la pili, na breki ya nyuma ya pikipiki hukanyagwa kwa mguu huo huo. Ndiyo maana fundi wangu wa kuchomelea, hapo mjini Nakuru, alichukua pikipiki kuukuu, akaitoa gurudumu la nyuma, akaifungia ekseli yenye magurudumu mawili na sakafu ya bati ya kubebea mzigo, kisha akazivuta breki zote zikakutana kwenye mkono mmoja wa usukani. Nikiufinya, magurudumu yote matatu yanashika. Breki ya kuegesha aliiweka kando ya kiti, kama ya gari.

Nilikuwa nimechoka kubebwa. Nauza mahindi na maharagwe Rongai, na kila safari ya mjini ilianza na kijana wa boda kunishika kwapani bila hata kunisalimu niaje, ananiinua kama gunia, magongo yangu anamkabidhi yeyote aliye karibu. Nilitaka kufika Nakuru nikiwa nimejipeleka. Lakini bila kupita ukaguzi hupewi nambari, na bila nambari ningebaki kuendesha ndani ya ploti nikifukuza kuku.

"Hii siwezi pitisha," mkaguzi akasema. "Enda utengeneze breki ya mguu, ndio urudi."

Nilipomrudia fundi wangu, hata hakushtuka. "Hiyo isikusumbue, mathe. Nakuchomelea pedali ya geresha. Haijashikana na kitu. Akiiona anafurahi, tunapita, tukitoka hapo naikata."

Sikumshangaa. Hivyo ndivyo mambo yanavyokwenda kwetu: kioo cha pembeni cha kuazima asubuhi ya ukaguzi, mchana kishamrudia mwenyewe. Nilipofika nyumbani nikamsimulia mama, naye akaona fundi ana akili.

"Si aweke tu? Kwani pedali inakula ugali?"

Hapo ndipo hasira iliponipanda, kwa sababu ya hilo neno geresha. Nilipokuwa mtoto nilikuwa na kiatu cha Jumapili. Mama alichukua soksi ndefu, akaijaza matambara, akaivalisha kiatu, akaifunga kwenye kigutu changu chini ya rinda. Tulikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, ili anayepita aone miguu miwili na asiulize. Siku moja tuliposimama kuimba, kile kiatu kikageuka, vidole vikaelekea nyuma. Watoto wa benchi la mbele walinicheka mpaka amina ya mwisho. Mama alikishona upya jioni hiyo hiyo. Alinipenda, najua, na sikuwahi kumchukia. Nilikichukia kiatu.

"Mama," nikamwambia, "mimi kile kiatu sivai tena."

Hakuuliza kiatu gani. Alifunika sufuria, akatoka nje kuanua nguo.

Wanasema mvumilivu hula mbivu. Mimi nimevumilia sana, na mbivu nimeona zikiliwa na wengine. Kwa hiyo nikarudi kwa mkaguzi bila pedali, nikiwa nimepakia magunia mawili ya mahindi nyuma.

"Nilikuambia nini?" akauliza.

"Uliniambia breki. Ninayo. Wacha nishuke nayo ule mteremko wa kwenda getini. Ikikataa kushika, funguo ni zako."

"Madam, sheria ni sheria."

"Sheria inataka hii kitu isimame, ama inataka mimi nikanyage?"

Dereva mmoja wa lori, ambaye nadhani alitaka tu zamu yake ifike, akapaza sauti, "Si umwache ajaribu, mkubwa!" Wengine wakaitikia. Mkaguzi akanielekeza kwenye mteremko kwa kidevu, akashuka mwenyewe kusimama chini, kando kidogo, maana hakuwa mjinga.

Nikashuka. Nikafinya. Tukasimama, mimi na mahindi yangu. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia niongeze mwendo, nikauongeza kwa raha zangu zote, nikasimama mbele yake kabisa hadi akarudi nyuma hatua moja. Akavuta ile ya kuegesha, akaisukuma pikipiki kwa bega, haikusogea.

"Sawa," akasema bila kunitazama. "Nitaandika breki ni za mkono."

"Andika," nikamwambia.

Jumapili baada ya kupata nambari nilimpakia mama nyuma twende kanisani, kanisa lile lile. Rinda nilikuwa nimelikunja lisinaswe na mnyororo, kigutu changu kikipigwa na upepo bila kufunikwa na chochote. Tulipokuwa tukiteremka kuingia lami, lori likatokea. Nikafinya, tukasimama. Nyuma yangu nikasikia bati la sakafu likigongwa kwa kishindo. Nikageuka. Mama alikuwa ameukaza mguu wake wa kulia, ameukandamiza chini kwa nguvu zote, macho ameyafumba.

"Mama, unakanyaga nini?"

"Breki."

"Hapo hakuna breki."

Akafumbua macho. Akautazama mguu wake, kisha akakitazama kigutu changu, hapo barabarani, watu wakipita.

"Na imesimama," akasema.

"Imesimama."

Akaurudisha mguu wake taratibu, akajifunga leso vizuri.

"Haya, twende," akasema. "Tukichelewa tutakosa benchi la mbele."