Mwendo Tuliokubaliana

Naikumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya zile mvua kubwa za mwisho wa miaka ya tisini, nilipokaa mbele ya kompyuta pale Galu nikinywa chai ya tangawizi na kuwacheka wenzangu, ilhali wa kuchekwa nilikuwa mimi. Nakuhadithia kwa sababu jana nilikusikia wewe na wenzako wa kikundi cha uokoaji mkivutana, kila mmoja akiisifu programu ya simu yake. Sikuingilia. Mtu mzima hukohoa kwanza.

Wakati ule nilikuwa fundi wa redio na vipaza sauti katika hoteli moja ya ufuoni, kijana mwenye leseni ya redio ya ridhaa, na maringo yasiyohitaji leseni. Tulikuwa watatu tuliounganisha redio zetu na kompyuta ili barua zipite hewani, maana simu za waya zilikatika kila mvua iliponyesha. Mimi nilikuwa Galu, pale hotelini. Mzee Musyoka, mstaafu wa idara ya simu aliyetoka Ukambani akaja kulima mikorosho karibu na Msambweni, alikuwa katikati. Na Bodo, kwenye mikoko, alikuwako Bi Mwanasha, muuguzi wa zahanati. Mzee ndiye aliyetufunga kwa masharti: mwendo mmoja wa kutuma barua, ule wa polepole ambao hata kompyuta kuukuu ya Bodo iliuweza, na mpangilio mmoja wa ujumbe, yaani nani anatuma, nani apewe, jambo gani, kabla ya saa ngapi. Tuliandika, tukatia sahihi sote.

Basi mgeni mmoja wa hoteli, naye mpenzi wa redio, akaniachia modemu mpya, kile kisanduku kinachoipatanisha redio na kompyuta. Mwendo wake ulikuwa mara nane ya ule wetu. Mgeni yule alinisifu mno, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilikifunga kisanduku kipya, cha zamani nikakifungua na vipuri vyake nikavitia kwenye amplifaya ya disko. Wenzangu sikuwaambia. Nilijisemea kwamba wakiona jinsi ninavyopaa watanifuata wenyewe.

Asubuhi ile kioo changu kilijaa nyota, mabano na herufi zisizo na maana. Nikadhani kompyuta ya Bodo imeingia maji, nikacheka, nikajimiminia chai nyingine. Zikaja tena, na tena. Ilipokaribia saa tatu, Mzee Musyoka aliniita kwa sauti, akauliza kwa upole kama nimeipata barua ya Bi Mwanasha. Nikamjibu kwamba imeharibika huko huko kwao.

"Kijana," akasema, "kwangu inasomeka yote. Wewe umebadilisha nini?"

Moyo ulinishuka hadi kwenye ndara. Barua ilisema kuna mama Bodo aliyeshikwa na uchungu tangu jana yake, na mtoto amelala kingamo tumboni. Barabara ilikuwa imekatwa na mafuriko. Boti ya hoteli yetu ilitakiwa iingie kwenye mikoko kabla maji hayajaanza kutoka saa tano, impeleke hospitali Msambweni. Barua hiyo ilikuwa imenigongea mlango tangu saa mbili. Sasa ilibidi Mzee anisomee neno kwa neno huku radi ikiyatafuna maneno, na vijito vya kuingilia Bodo ni vingi, hata jina la kijito chenyewe alilirudia mara saba.

Tuliondoka saa nne kasorobo, nami nikiwemo, kwa kuwa sikuweza kubaki. Tulimkuta mama yule amelazwa juu ya kitanda cha kamba, hana hata nguvu ya kulia. Tulipompakia, maji yalikuwa yamekwisha kuanza kutoka, na boti ikakwama. Nahodha na mimi tuliruka tukaisukuma. Matope ya mikoko yalininyang'anya kiatu kimoja na maringo yote. Bi Mwanasha alikuwa ameushika mkono wa mgonjwa. Hakunitukana, alisema tu, "Sukuma, fundi." Afadhali angenitukana.

Alhamdulillahi, tuliwahi. Alizaa kwa kupasuliwa, mama mzima na mtoto mzima, na mtoto mwenyewe ana mapafu ya muadhini.

Kesho yake nilikwenda kwa Mzee Musyoka. Nikatoa shikamoo, akaitikia, akanipa uji, akaniacha ninywe hadi tone la mwisho. Nilijitetea kwamba mwendo mpya ni bora, basi na tuhamie huko sote.

"Ni bora," akakubali. "Siku Bodo watakapokuwa nao, tutaujaribu pamoja siku ya utulivu, kisha tuhame sote kwa wakati mmoja. Mpaka hapo, kile cha zamani kikae mezani kinafanya kazi. Anayekimbia peke yake, kijana, hajui kama amewahi au amepotea."

Nilivirudisha vipuri kwenye kisanduku cha zamani, na disko likakaa kimya wiki mbili nikitafuta vingine. Siku ya arobaini ya mtoto tulialikwa Bodo. Bibi yake mtoto alinitazama kwa muda mrefu, akampakata mjukuu, akamweka mapajani mwangu. Akasema bila hasira yoyote, "Huyu ndiye aliyekuwa akikungoja." Nililia mbele ya watu, nami sioni haya kukwambia.

Kwa hiyo, mwanangu, kaeni mkubaliane njia moja kabla mvua haijaanza. Ichagueni kwa kumtazama mwenye simu mbovu kuliko wote, kwa kuwa siku ya maafa huenda yeye ndiye atakayeita. Ukipata kilicho bora kilete barazani, usikifunge kimyakimya. Na ukiona ujumbe wa mwenzako hausomeki, anza kwa kujikagua wewe.

Mola akupe masikio mapana kuliko mdomo. Akujaalie wenzako wakuite wakijua utaitika, na kila anayekungoja umfikie angali hai. Amina.