Akidi ya Marehemu

Sijawahi kumpenda Magdaline Wacera, na sitaanza kumpenda leo kwa sababu eti aliokoa kiwanda. Boma lake na langu yametenganishwa na kijito tu. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mkaguzi wa matunda katika kiwanda chetu cha kahawa, hapa juu ya Karatina, na kazi aliyoipenda ilikuwa kurudisha kahawa ya watu. Akiona matunda mabichi ndani ya gunia lako, alilimwaga chini mbele ya foleni nzima, akakuamuru uchague upya. Mimi alinimwagia mara tatu. Mara ya tatu mke wangu ndiye aliyeinama kuokota, ana mimba ya miezi minane, na Wacera alisimama pale mikono kiunoni akimngoja amalize.

Mumewe, Gikonyo, alikuwa mtu mpole. Alipofariki miaka minane iliyopita tulisema maskini amepumzika, na tulilisema kwa sauti ya kutosha mjane asikie.

Sasa nieleze habari ya namba, maana ugomvi wote ulitoka hapo. Kila mwanachama wa chama chetu cha ushirika ana namba yake, na kahawa yake hupimwa kwa namba hiyo. Mwanachama akifa, kuibadilisha kunataka barua ya chifu, cheti cha mahakama na sahihi za ndugu wote. Ni ndugu gani atakayetia sahihi kabla shamba halijagawanywa? Kwa hiyo tunaiacha ilivyo. Baba yangu, Muchiri, tulimzika mwaka wa 2003, na tangu hapo nimepeleka kahawa kwa jina lake. Wacera alipeleka kwa jina la Gikonyo. Nusu ya kijiji ilifanya hivyo, na kwenye mikutano tulitia sahihi majina ya baba zetu na kuinua mikono kwa niaba yao. Hakuna aliyeona kosa.

Mwezi wa Februari mwenyekiti wetu, Ngatia, aliitisha mkutano mkuu. Alisema kuna mwekezaji anayetaka kukodi kiwanda chote kwa miaka thelathini: mashine, meza za kuanikia, ardhi, na ile chemchemi inayotupa maji ya kuoshea kahawa. Tuligawiwa soda na mkate. Tukainua mikono. Ni baada ya kufika nyumbani ndipo nilipoona upumbavu wangu: bila kiwanda na maji, mkulima hana lake, atauza anavyoambiwa. Nilijuta, lakini nilijutia kitini.

Wacera hakukaa kitini. Alifungua sanduku la Gikonyo akatoa kijitabu cha sheria ndogo za chama, akakisoma kuanzia jalada hadi jalada. Chama kina uwezo wa kukodisha mali yake, imeandikwa hivyo wazi. Lakini uwezo huo ni wa mkutano mkuu, si wa mwenyekiti, na mkutano si mkutano bila akidi ya wanachama mia mbili. Tena robo ya wanachama wakiandika barua, mkutano mwingine lazima uitishwe. Basi akavaa gambuti za mpira akazunguka vilima na barua yake. Alipofika kwangu nilitia sahihi, "Muchiri".

"Siweki kwa sababu yako," nikamwambia. "Naweka kwa sababu ya fakitori."

"Hata mimi sikukuja kunywa chai," akasema.

Alipata majina mia mbili na kumi. Ngatia naye akaandikia ofisi ya ushirika kule Nyeri kwamba wengi wa hao ni marehemu, na marehemu hawaandiki barua. Ilikuwa kweli tupu. Afisa aliyetumwa, Bi. Karimi, mwanamke kijana asiyecheka, alikuja Alhamisi moja asubuhi na rejista chini ya kwapa. Tulijaa uwanja wa kiwanda. Alikata kila jina ambalo mwenyewe hakujitokeza na kitambulisho, mpaka yakabaki tisini na saba, akasema hayafiki robo ya majina ya rejista, ombi limeanguka. Ngatia akakunja mikono kifuani, ametosheka.

Wacera akasimama. "Madam, niko na swali moja tu. Kama mtu amekufa hawezi kuandika barua, anaweza kuhudhuria mkutano?"

"Hawezi."

"Basi tuletewe ile karatasi ya Februari, tuone ni nani walihudhuria."

"Huyu mama si mwanachama," Ngatia akasema. "Hana namba. Hafai hata kuongea hapa."

"Ni ukweli, sina. Namba ilikuwa ya Gikonyo na yeye alikufa. Mwenye aliweka sahihi ni mimi. Andika, madam."

Bi. Karimi alimtazama. "Unajua nikiandika, hiyo namba inafungwa mpaka ulete cheti cha korti? Kahawa yako haitapokelewa hapa."

"Andika."

Karatasi ya Februari ilikuwa na majina mia mbili sitini na moja. Afisa akawa anasoma jina moja moja, na Wacera, ambaye hakosi mazishi hata ya adui zake, akawa anajibu nani yuko na nani hayuko. Warithi wa mwanzo walikubali. Kisha ikawaingia watu kwamba kila anayekubali anapoteza namba. Waithira, dada mmoja wa ng'ambo ya barabara, akasimama akasema, "Baba yuko. Ni mgonjwa tu, ati miguu." Mzee huyo yuko kaburini chini ya miti yake ya mikima, mwaka wa kumi sasa. Hakuna aliyecheka. Aliyefuata naye baba yake alikuwa mgonjwa, na wa tatu pia. Bi. Karimi akasema hawezi kumfuta mtu kwa neno la Wacera peke yake, mrithi akikataa jina linabaki. Hesabu ikakwama kwenye mia mbili na tisa, bado juu ya akidi.

"Muchiri wa Wamae," akasoma.

Wacera akanigeukia. Naapa nilitaka ashindwe. Nilitaka arudishwe mbele ya watu wote, aone utamu wake. Nilikuwa na miti mia nne ya kahawa inayoiva, na neno moja tu, mgonjwa, lingetosha. Ngatia akaniinamishia kichwa kwa upole, kama mtu na mtu wake. Hapo ndipo nilipokasirika kabisa. Huyo Ngatia ndiye aliyesoma rambirambi za chama kando ya kaburi la baba yangu.

"Alikufa," nikasema. "Twenty oh three. Chairman alikuwa huko, mwulizeni."

Nikaketi. Waithira akasimama tena akilia, akamwachilia baba yake. Wengine wakafuata. Kufikia saa sita walibaki mia moja na kumi na wanane, na Bi. Karimi akaandika kwamba Februari hapakuwa na mkutano wowote. Kiwanda hakikukodishwa.

Hakuna aliyemshukuru Wacera. Langoni mama mmoja alimtemea mate karibu na miguu. Msimu huo niliuza kahawa kwa madalali kando ya barabara, bei ya kutupa, na kila jioni nilimlaani yeye kwanza kabla ya Ngatia. Ngatia bado ni mwenyekiti: wanachama walio hai ni mia moja na sitini tu, akidi haitimii, na bila akidi hang'oki.

Ili namba iwe yangu, ndugu yangu wa Timau alitia sahihi baada ya kuninyang'anya kipande cha shamba cha mtoni. Kisha korti ikataka kiapo cha mtu asiye wa ukoo aliyeshuhudia mazishi. Nilijaribu majirani watano, wote wana kinyongo nami kwa ile Alhamisi. Nikavuka kijito. Wacera alichukua kitambaa chake bila kuuliza, tukaenda kortini Karatina.

Alipomaliza kutia sahihi nilimwambia, "Bado sikupendi, Wacera. Ujue hivyo."

"Fakitori inataka watu mia mbili wako hai," akasema. "Wewe ni wa thelathini na moja mwenye nimeapia. Songa, kuna mwingine nyuma yako."

Nikasonga. Nyuma yangu alikuwa Waithira.