Msemaji wa Siku ya Chanjo

Xaveria alikuwa na namna yake ya kumchagua msemaji wa mkutano. Hakumwita ofisini. Alimfuata nyumbani, akakaa jikoni, akaomba kazi ya mkono, kupukuchua mahindi au kuchambua maharage, kisha akamwacha mwenyeji aongee. Ikifika mahali Xaveria mwenyewe amesahau gunzi mkononi, basi msemaji amepatikana.

Nilipangiwa Babati mwaka 1983 nikitokea Chuo Kikuu, nikapewa meza mkabala na yake katika ofisi ya maendeleo ya jamii. Yeye aliishia darasa la nane. Alikuwa Mwiraqw wa Dareda, mjane mwenye watoto watatu, na mjini walimwita Mama Teodori. Kila mkutano ulipoandaliwa, wakubwa walitaka mkubwa mwenzao ndiye ahutubie. Xaveria alisema akina mama wamechoka kuhimizwa uvumilivu na watu ambao nyumbani kwao sukari haijawahi kuisha.

Si kila mara alipatia. Safari moja alimsimamisha Marcel, mlevi aliyeacha, aeleze madhara ya gongo. Marcel alieleza vizuri mno, hata wanaume wawili wakamngoja pembeni.

"Ndugu Marcel," mmoja akamwuliza kwa sauti ya chini, "hiyo ya Bagara uliyosema ni kali, bado wanapika?"

Xaveria alicheka mpaka akafuta machozi kwa khanga. Sikumwona tena akicheka hivyo.

Mwishoni mwa mwaka ule surua iliua watoto wengi upande wa Bonga. Zahanati moja ya huko ilikuwa na jokofu la chanjo linalotumia mafuta ya taa, lakini mafuta hayakuwapo, na manesi walikuwa wanatunzia mashuka humo. Mwezi wa pili tukapata habari kwamba ofisa mmoja wa kutoka Arusha angepita na pipa moja la mafuta. Zahanati zilizolihitaji zilikuwa mbili, hiyo na nyingine ya njia ya Singida. Angelishusha pale ambapo angeona akina mama wako tayari kuleta watoto. Na akina mama wa Bonga walikuwa wamekwisha kukata tamaa, maana mara nyingi walitembea na watoto mgongoni wakarudi bila chanjo. Ilibidi apatikane mtu wa kuwarudisha.

Katibu wetu alimtaka Mwalimu Damasi, mwenye sauti ya kufika mbali, kwa kuwa kipaza sauti hakikuwa na betri.

"Damasi atawalaza," Xaveria akasema. "Namtaka mama aliyezika."

Tukaenda kwa Domina. Mwanawe Alois, mtoto wake wa pekee, alikufa kwa surua kabla ya Krismasi. Tulimkuta shambani peke yake, akilima, na alipotuona alisimama mbali kidogo.

"Sikukaribishi nyumbani, Mama Teodori. Unajua."

Nami nilijua, kwa kusoma tu. Kwa desturi ya Wairaqw, mama aliyefiwa na mtoto hujitenga miezi mingi. Haingii kwa watu, hachoti maji pamoja nao, na zaidi ya yote hakaribii watoto wa wenzake, asije akawapelekea kifo kile. Siku zake zikiisha ndipo hutolewa rasmi, akarudi kwa watu.

"Padri si amekwisha kusoma misa?" Xaveria akauliza.

"Misa ni ya Alois. Mimi sijatolewa."

"Hapa ni Babati, Domina. Mambo hayo tuliyaacha Mbulu. Hebu niambie, siku ile ilikuwaje?"

Domina akasimulia. Alivyombeba mtoto mpaka zahanati, alivyoambiwa arudi wiki ijayo, na wiki ijayo tena. Alisimulia bila kulia, na Xaveria, aliyekuwa akimsaidia kung'oa magugu, alibaki ameinama na gugu moja mkononi.

"Wakikusikia hivyo watakuja wote," akamwambia. "Watakusikiliza. Watoto wao watapona."

Domina alimaliza tuta alilokuwa akilima, kisha akakubali.

Siku ya mkutano akina mama walijaa uwanjani, na watoto wao, kama walivyoombwa. Pipa lilionekana nyuma ya Landrova. Ofisa alitabasamu. Domina akasimama mbele, akafungua kinywa.

Philomena, aliyekaa safu ya kwanza, alimfunika mwanawe kichwa kwa khanga. "Huyu si hajatolewa?" akamwuliza jirani yake. "Nani amemleta kwenye watoto?"

Hakungoja jibu. Aliinuka. Wa pili akainuka, kisha safu nzima. Hakuna aliyezomea wala kutukana. Waliondoka kimya, wamewafunika watoto, na Domina akaendelea kusema, sauti ikipungua, mpaka mbele yake tukabaki sisi watu wa ofisi.

"Mama," ofisa akamwambia Xaveria kwa upole, "mimi naona wananchi wako hawana haja."

Xaveria akajaribu kueleza. Yule bwana alisikiliza, akatazama saa. Pipa likaenda njia ya Singida.

Mvua za mwezi wa nne zilikuja na surua tena. Mtoto wa Philomena akaugua. Xaveria alikwenda kumwambia kwamba ugonjwa haukuletwa na Domina, umekuja kwa kukosa chanjo.

"Na hiyo chanjo iko wapi?" Philomena akauliza, akimpangusa mtoto macho yaliyovimba. "Wewe ndiye uliyemsimamisha pale. Niache nihangaike na mwanangu."

Mtoto yule alikufa. Bonga nzima ikasema ni Domina, na mumewe akaamua kumrudisha kwa wazazi wake Mbulu.

Tulimkuta stendi asubuhi, amekaa juu ya furushi lake, watu wamemwachia nafasi pande zote. Xaveria aliivuka nafasi ile, akasimama karibu naye.

"Uliniambia watanisikiliza," Domina akasema.

"Ndiyo. Nilikuambia."

Basi lilipokuja, utingo alimwambia Domina angoje wenye watoto wapande kwanza, wakae mbele.