Kushoto Hadi Kulia

Mwalimu wetu wa hesabu alipoanza kutufundisha kuthibitisha usawa wa trigonometria, nilikuwa kidato cha tatu katika shule ya wasichana ya bweni, Migori. Aliandika ubaoni: kushoto, sin A juu ya 1 + cos A, kulia, 1 − cos A juu ya sin A. Tuonyeshe kwamba hivyo viwili ni kitu kimoja.

Mimi nilizidisha kimshazari, pande zote zikatoka sawa, nikapeleka daftari kwa madaha. Akaikata kazi yote kwa wino mwekundu. Nikabisha, maana kubisha nilizaliwa nako. Akaniuliza, "Mtu akidai ng'ombe ni wake mbele ya chifu, ushahidi wake utakuwa kwamba ng'ombe ni wake?"

Nilinuna hadi jioni, kisha nikaelewa: kwa kuzidisha kimshazari nilikuwa nimeuchukulia usawa kuwa kweli kabla ya kuuthibitisha. Unashika upande mmoja, unauendeleza hatua kwa hatua bila kuugusa ule mwingine, mpaka ufike. Wenzangu walikariri majibu. Mimi nilikataa, kwani aliyekariri akisahau mstari mmoja, amekwisha.

Muhula uliofuata, shule moja ya wavulana Homa Bay ikatualika kwa shindano la hesabu. Kwa desturi sisi wasichana tulikwenda kupiga makofi na kula mkate. Nilimsumbua mwalimu wetu mpaka akaandikisha jina langu. Nilitaka kufika mstari wa mwisho mbele ya wavulana wale, kwa mkono wangu mwenyewe.

Siku ya shindano nikaitwa ubaoni. Nithibitishe kwamba tan A + 1/tan A ni sawa na 1 juu ya sin A cos A. Nikaigeuza tan kuwa sin juu ya cos, nikaunganisha sehemu, nikasita kidogo kuitazama kazi. Mwalimu mwenyeji, mtu mpole kabisa, akaichukua chaki mkononi mwangu, akaimalizia. Ukumbi ukashangilia.

Hasira zilinipanda. Nikachukua dasta nikafuta mistari yake, kisha nikanyoosha mkono kuomba chaki.

"Nimekosea wapi?" akauliza.

"Hujakosea, mwalimu. Lakini aliyeitwa ubaoni ni mimi."

Akanitazama, akanipa. Nikaandika kwamba sin² A na cos² A zikijumlishwa ni 1, nikashuka mstari mmoja, nikafika. Safari hii hakuna aliyepiga makofi, nami sikuyangoja.