Gertrude wa Mudzipela, Aliyewangoja Watoto

Alizaliwa Mahagi, kaskazini-mashariki mwa Kongo, mnamo Februari 1968, mtoto wa pekee wa wakulima wa muhogo, akabatizwa kabla hajamaliza wiki kwa kuwa mama yake alikuwa mgonjwa na alitaka kuliona jambo hilo kwa macho yake. Mama huyo alifariki Gertrude akiwa na miaka minane. Kesho yake baada ya mazishi, shangazi alimpeleka shuleni kama kawaida. Majina yalipoitwa aliitika "présent", yaani nipo, kama wenzake, kisha akachapwa kwa kutosikia neno hata moja la somo. Tangu siku ile alijua kwamba mtoto anaweza kuketi darasani na asiwepo, na asitokee mtu mzima wa kujisumbua kumtafuta. Wito wake ulianzia hapo, kwenye benchi la shule.

Aliomba kuwa mtawa, kifua kikamrudisha nyumbani. Mwaka 1991 alikuja Bunia, akapanga chumba kimoja katika mtaa wa Mudzipela na kufundisha shule ya msingi karibu na soko. Hakuolewa. Jioni aliwasha mbabula wake, jiko la makaa, akapika chakula cha mtu mmoja, na majirani walimheshimu mno hata wakaogopa kumtembelea. Wapo wanaopenda kuupamba upweke wa watakatifu kwa maneno matamu. Wa Gertrude ulimuuma tu, naye alimwambia Mungu hivyo kila siku.

Darasani mwake hakutaka kusikia "présent". Kila jina alipoliita, aliuliza: "Uko?" Mwenye moyo mtulivu alijibu "Niko." Mwenye huzuni, hofu au hasira aliruhusiwa kusema "Siko", ijapokuwa alikuwa amesimama mbele yake wima, na darasa zima likamwitikia: "Tunakungoja." Hakuulizwa sababu. Gertrude au mwanafunzi mmoja alihamia benchi lake, akaketi naye, na somo likaendelea. Ndivyo watoto waliokuwa wakirushiana ngumi uwanjani walivyopata neno la kusema kabla ngumi haijanyanyuka.

Mwaka 2019 watu wa Djugu walifika Bunia kwa wingi wakikimbia mauaji. Miongoni mwao alikuwa Rébecca, mtoto wa miaka tisa, aliyebakiwa na nyanya yake tu. Kila asubuhi alijibu "Siko," na baada ya hapo hakufungua kinywa tena wala kushika kalamu. Mwaka ukageuka, akawa vilevile. Evariste, mkuu wa shule, mtu wa haki lakini mwenye haraka, aliyasikia hayo mlangoni, akachemka.

"Madame, huyu mutoto iko mbele yako, na anasema eti haiko. Siye tuko tunafundisha watu ao vivuli? Kama mpaka Paska anabakia vile, arudie kwao, aachie mwingine nafasi. Na ile maulizo yako iishe."

"Kwao iko wapi, Monsieur le directeur?" Gertrude akauliza.

Kijiji cha Rébecca kilikuwa kimechomwa, na Evariste alilijua hilo. Hata hivyo amri ikabaki. Walimu wenzake, wakiogopa kuchafuka machoni pa mkuu, walianza kumkwepa Gertrude. Akiingia chumba chao, mazungumzo yalikatika. Alimtii mkuu wake kwa kila kitu isipokuwa hilo moja. Aliendelea kuuliza, huku Paska ikikaribia na mtoto akiwa kimya.

Asubuhi moja, akikohoa, aliita majina mpaka mwisho. Rébecca akasimama.

"Na weye, Madame? Uko?"

Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza. Alitaka kusema "Niko", kama inavyompasa mtu mzima mbele ya watoto, lakini halikuwa kweli.

"Siko," akasema.

Watoto walipigwa na butwaa. Rébecca alitoka kwenye benchi lake, akaenda kuketi kando ya meza ya mwalimu, akasema peke yake, kwa sauti ya kawaida: "Tunakungoja." Evariste, aliyekuwa mlangoni, akaondoka. Amri ile hakuifuta, wala hakuitaja tena. Rébecca alibaki, na siku hiyo akaandika.

Gertrude alifariki Julai 2023 kwa kile kifua chake cha zamani. Aliyekuwa kando ya kitanda ni Rébecca. "Madame, uko?" alimuuliza. "Niko," akajibu Gertrude, na hilo ndilo neno lake la mwisho.

Kanisa halijatamka lolote juu yake, nasi hatulitangulii. Miujiza mikubwa hatuna ya kusimulia: hakuna aliyemwona akitembea juu ya maji ya mto Nyamukau. Lakini majina ya darasa lake bado yanaitwa kwa swali lile lile kila asubuhi. Anayetaka kumwiga asiende mbali. Karibu naye yupo mtu anayewajulia hali watu wote. Amuulize huyo, kisha angoje jibu.