Sukari ya Pendo imerudi

Leo nimeanza tena kumdunga paka wangu insulini.

Pendo ana kisukari. Majuzi daktari wa mifugo hapa Litein alisema sukari imeshuka, tuache sindano tuone. Tukaacha. Mimi nikajua amepona.

Asubuhi nimempata kichwa ndani ya ndoo, anakunywa maji kama ng'ombe.

Nikampima sukari kwa tone la damu ya sikioni. Imepanda.

Nikapigia daktari simu. Akasema, "Pole, dada. Rudisha sindano."

Mama, ambaye amekuwa akinicheka kwamba paka ni wa panya, si wa dawa, akamshika. "Mdunge," akasema, akaangalia kando.

Pendo hakulia. Alinilalia tu mkononi.

Kuna yeyote hapa ambaye paka wake alipona kabisa? Niambieni ukweli.